Mkunga, Kikapu na Mtumbwi: Ufundi wa Waalgonquin katika Stesheni ya Pimisi

Ninapotathmini sanaa zinazowekwa hadharani, huuliza kwanza iwapo kazi inamwonyesha mtazamaji jinsi ufundi wenyewe unavyofanyika, au imeazima tu umbo lake kuwa pambo. Stesheni ya Pimisi iliyoko Ottawa, Kanada, kwenye njia ya reli nyepesi iliyofunguliwa Septemba 2019, inalijibu swali hilo vizuri kuliko nyingi ninazozifahamu. Imejengwa karibu na maporomoko ya Chaudière, katika ardhi ambayo Waalgonquin, wenyeji asilia wa eneo hilo, hawakuwahi kuisalimisha kwa mkataba, na sanaa zake ni za Waalgonquin wenyewe.

Msanii Nadia Myre, mwenye asili ya Kitigan Zibi, jamii ya Waalgonquin huko Quebec, ndiye aliyebuni sanamu ya mkunga, samaki aliyeipa stesheni jina, pamoja na kikapu kikubwa cha metali. Mkunga huyo huanguliwa katika Bahari ya Sargasso, sehemu ya Atlantiki, hupanda mito hadi Mto Ottawa, na baada ya miaka mingi hurudi baharini kuzaa. Siku hizi mabwawa ya umeme yamemkatia njia, ndiyo maana sanamu yake karibu na mto huo ina uzito wa madai.

Hata hivyo, kinachonivutia zaidi ni kazi iliyoongozwa na msanii Simon Brascoupé, yenye makafi 100 yaliyopambwa na wasanii wa Kialgonquin kutoka Ontario na Quebec, pamoja na mtumbwi halisi wa gome la mti wa mbetula. Mtumbwi wa namna hii huanzia kwenye gome, ambalo hubanduliwa kwa uangalifu na kutandazwa chini, upande wake wa ndani ukielekezwa nje, upande utakaogusa maji. Vipande hushonwa kwa mizizi iliyopasuliwa, mataruma ya mwerezi hulainishwa kwa maji ya moto ili yapindike, kisha maungio huzibwa kwa utomvu uliochanganywa na mafuta ya wanyama. Hakuna msumari unaohitajika, na msomaji wa pwani yetu atakumbuka mtepe, chombo cha kale cha baharini kilichokuwa kikishonwa kwa kamba za makumbi. Kikapu cha Myre kimekuza umbo na kubadili malighafi, ilhali mtumbwi huu haukuzi wala haubadili chochote: ni chombo kamili, na ndiyo sababu nauona kuwa jasiri zaidi.

Ujasiri huo una gharama, kwani gome hukauka na utomvu hupasuka katika hewa ya ndani inayopashwa joto majira ya baridi. Metali inaweza kusafishwa na fundi yeyote mwangalifu, lakini mshono wa mizizi hauwezi kukabidhiwa mtu asiyewahi kuushona; kwa hiyo ningependekeza mikataba ya matunzo ya kazi kama hizi iwataje mafundi wa jamii husika, na iwalipe pia kwa muda wa kufundisha wanafunzi wao.