Mwito wa mfumo unaopanuka ni nini?

Programu haifungui faili yenyewe. Huiomba kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, na ombi hilo ndilo mwito wa mfumo. Kwenye Linux, mwito ukishatoka hauvurugwi tena, maana programu ya miaka mingi iliyopita inatakiwa iendelee kufanya kazi leo. Mwito unaopanuka ni ule uliosanifiwa tangu mwanzo uweze kupokea mambo mapya bila kuziumiza programu za zamani. Usiposanifiwa hivyo, kila hitaji huzaa mwito mwingine: pipe ikafuatwa na pipe2, dup2 ikafuatwa na dup3.

Kasoro inayofundisha zaidi iko kwenye open, mwito wa kufungua faili. Mwito huu hupokea alama, yaani biti zinazowashwa au kuzimwa, lakini alama ambayo kerneli haiijui hupuuzwa kimya kimya. Programu ikiomba huduma mpya kwenye kerneli ya zamani, hujibiwa kwamba mambo ni sawa ilhali ombi halikutimizwa. Ndiyo maana O_TMPFILE, alama ya kuunda faili la muda lisilo na jina, ilipokuja na Linux 3.11 mwaka 2013, ilibebeshwa ndani yake biti ya O_DIRECTORY, alama ya saraka (folda): kerneli za zamani zione zinaombwa kuandika kwenye saraka, zikatae. Ni ufundi mzuri, ila haukupaswa kuhitajika kabisa.

Mwito wa openat2, ndugu mpya wa open uliokuja na Linux 5.6 mwaka 2020, hukataa alama isiyojulikana na kerneli kwa kosa la EINVAL. Tena hupokea anwani ya muundo wa data pamoja na ukubwa wake kwa baiti. Sehemu mpya huongezwa mwishoni tu, na sifuri humaanisha "fanya kama zamani". Programu ya zamani ikileta muundo mfupi, kerneli hujaza sifuri palipobaki. Programu mpya ikileta muundo mrefu kwa kerneli ya zamani, baiti za ziada hukaguliwa: zikiwa sifuri zote, kazi huendelea, ikionekana hata moja isiyo sifuri, jibu ni kosa la E2BIG. Kwangu mimi, ukaguzi huu ndio roho ya usanifu wote.

Gharama ipo. Vichujio vya usalama vya seccomp, vinavyoamua miito ipi programu iruhusiwe, huona thamani zilizo kwenye rejista (nafasi ndogo ndani ya prosesa) tu, havifuati anwani hadi kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo haviwezi kuzichunguza alama za clone3, mwito wa kuunda mchakato mpya, wenye mtindo huuhuu. Vichujio vingine hujibu tu kosa la ENOSYS, kana kwamba mwito haupo, ili programu irudi kwenye clone, mwito wa zamani.