Kofia Ngumu Haizuii Nguzo

Olimpiki ya majira ya baridi ikionyeshwa kwenye runinga hapa Nairobi, wengi husema mchezaji wa luji, mchezo wa kuteleza kwa kasi kwenye njia ya barafu ukiwa umelala chali juu ya kigari kidogo kisicho na magurudumu, hawezi kufa maadamu kavaa kofia ngumu. Si kweli. Ukianguka ndani ya njia ya barafu, mwili huteleza na kasi hupungua polepole. Unaumia, lakini mara nyingi unanusurika. Kinachoua ni kusimama ghafla, kwa kuwa kasi ikiwa maradufu, nishati ya kugonga huwa mara nne. Mwaka 2010 huko Whistler, Kanada, Nodar Kumaritashvili wa Georgia alirushwa nje kwenye kona ya 16, ya mwisho, kwa kasi ya takriban kilomita 144 kwa saa, akagonga nguzo ya chuma iliyoachwa wazi. Alikufa, ingawa kofia alikuwa nayo. Baadaye ukuta uliinuliwa, nguzo zikafungwa mito, na wanaume wakaanzia chini zaidi.