Je, wajua kwa nini mtoto huacha usingizi mmoja wa mchana?

Mtoto wa miezi 14 amezoea kulala mara mbili mchana, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Ghafla ule wa alasiri anaukataa. Unamlaza, unamshushia chandarua, na baada ya nusu saa bado yuko macho, anauvuta wavu kwa vidole vya miguu huku akijisemea maneno yake. Halii wala hasinzii. Je, usingizi huo haumfai tena, au ni ukaidi wa siku mbili?

Chanzo kiko kwenye ubongo. Muda wote mtoto anapokuwa macho, ubongo hujikusanyia kemikali iitwayo adenosini, na hiyo ndiyo inayoleta uzito wa macho. Akilala, inapungua. Kwa mtoto mchanga hamu ya usingizi hupanda upesi sana, ndiyo maana ananyonya kidogo, anatazama huku na huku, kisha analala tena. Ubongo unavyokomaa, hamu hiyo hupanda polepole zaidi na mtoto anamudu saa nyingi bila kulala. Wakati huohuo saa ya mwili, inayofuata mwanga, inazidi kuusogeza usingizi kuelekea usiku. Hapa Uganda, ikweta inapopita, tuna bahati: giza huingia karibu saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo muda wa kumlaza mtoto hauna haja ya kubadilika.

Watoto wengi huacha usingizi wa tatu wakiwa na miezi 6 hadi 9, wa pili kati ya miezi 13 na 18, na wa mwisho kati ya miaka 3 na 5. Lakini umri pekee hautoshi. Mimi ningeanza kuutazama usiku. Mtoto aliyekuwa tayari, akilala alasiri, usiku anacheza kitandani hadi saa nne, au anaamka saa kumi alfajiri akitaka michezo. Akiukosa ule wa alasiri, jioni inamkuta mchangamfu na usiku analala vizuri. Asiyekuwa tayari utamjua mapema: saa kumi na moja analilia kila kitu, anasinzia na tonge la posho mkononi, kisha usiku anashtuka mara kwa mara. Tena, mtoto anayelala kila mnapopanda taksi alasiri, au kila akibebwa mgongoni, bado anauhitaji usingizi huo.

Tazama hali hiyo kwa wiki mbili kabla ya kuamua. Meno yanayoota, kujifunza kutembea, safari ya kijijini au mdogo wake aliyezaliwa juzi vinaweza kumvurugia usingizi kwa siku kadhaa, kisha ukarudi kama zamani. Akiwa na homa, hapo tusizungumzie ratiba. Mpeleke kituo cha afya akapimwe malaria siku hiyohiyo, hasa ikiwa analegea au anakataa kunyonya.

Jambo moja husahaulika sana mjini. Mama anarudi kutoka kazini usiku, anamkuta mtoto macho makavu, na kumbe yaya alimwacha alale hadi saa kumi na moja ili amalize kufua. Hakuna wa kulaumiwa hapo, kazi za nyumbani ni nyingi. Muulize kwa upole mtoto alilala saa ngapi na aliamka saa ngapi. Huenda hahitaji kuacha usingizi wowote, bali kuamshwa mapema zaidi.

Ukiona wakati umefika, usogeze ule wa asubuhi kwa dakika 15 kila baada ya siku chache hadi ufike saa sita au saba, baada ya chakula. Katika kipindi hicho mlaze mapema jioni, hata saa moja kasoro, na siku akichoka sana mrudishie usingizi wake wa pili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linapendekeza saa 11 hadi 14 kwa siku kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 2, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka 3 hadi 4, za mchana zikiwemo.

Mtoto wa nasari anayeamshwa alfajiri ili awahi gari la shule mara nyingi bado anauhitaji ule wa mwisho. Akirudi, mpe chakula na umlaze. Asipolala, na apumzike kimya nusu saa, televisheni ikiwa imezimwa.