Barafu ya Kibo Siyo Bomba la Maji la Moshi

Asubuhi mawingu yakipasuka na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikachungulia, kwenye daladala ya Kiboriloni hakosekani mtu wa kusema: "Oneni, theluji inaisha. Ikiisha, na maji Moshi basi." Nusu ya kwanza ya kauli hiyo ni kweli. Nusu ya pili ndiyo inayotupoteza. Tuipime, pamoja na dhana nyingine tunazozisikia kuhusu miti, umeme na kupikia.

Dhana: Maji ya Moshi ni barafu iliyoyeyuka.

Barafu inapungua, hilo halina ubishi. Wanasayansi waliolinganisha hali ya mwaka 1912 na ya 2007 walikuta asilimia 85 ya eneo lake imetoweka. Lakini kule juu, karibu na mita 5,895, hewa ni kavu na baridi ni kali, kiasi kwamba barafu nyingi hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza. Inapaa, haishuki kwetu.

Maji ya chemchemi kama Nsere na Shiri, yanayoingia kwenye mabomba ya mjini, asili yake ni mvua ya mkanda wa msitu. Upande huu wa kusini mvua hunyesha zaidi kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi. Inazama, inapenya kwenye miamba ya volkano, kisha inaibukia huku chini. Hata mifongo, ile mifereji ya wazee wetu, ilitega maji ya vijito vya msituni.

Nalirefusha hili kwa sababu dhana hii inatufanya tukae tu. Barafu hatuwezi kuirudisha kwa panga wala jembe, basi tunasikitika na kushuka kituoni. Msitu je? Huko juu ya msitu mkubwa kuna miti ya erika inayonasa ukungu na kuudondosha chini matone kwa matone. Moto umekuwa ukiisogeza miti hiyo chini miaka hadi miaka. Wengi tunakumbuka ule wa Oktoba 2020. Maji ya ukungu tunayoyakosa miti hiyo ikiungua ni mengi kuliko tunayoyakosa barafu ikiisha, na mioto mingi huanzishwa na watu: mrina asali, mwindaji, mtu aliyeacha jiko likifuka.

Dhana: Mti wowote ni mti.

Siyo. Mkaratusi uliopandwa kando ya chemchemi unakunywa maji kuliko unavyoyatunza. Kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, mringaringa juu ya kahawa na migomba unatoa kivuli na kurutubisha udongo kwa majani yake. Wazee waliuacha usimame kwa makusudi.

Dhana: Sola haifai huku kwenye baridi.

Paneli inataka mwanga, haitaki joto. Ikipata joto kali uzalishaji wake hushuka. Mawingu ya Julai yanapunguza umeme, kweli, lakini baridi yenyewe haina kosa.

Dhana: Kupikia umeme ni kwa matajiri.

Tufanye hesabu ya jikoni. Jiko la presha la umeme la wati 1,000, hata likivuta umeme wote kwa saa nzima, linatumia uniti moja. Nalo halivuti saa nzima: presha ikifika linakata, kisha linajiwasha kidogo kidogo. Sufuria ya maharage inaiva kwa chini ya uniti moja. Angalia LUKU yako uniti inakugharimu ngapi, halafu kumbuka ulilipa shilingi ngapi sokoni Mbuyuni kwa sado (kopo la kupimia) ya mkaa, na ilichochea sufuria ngapi. Tena mkaa huo umekula kuni: kwenye tanuri la udongo, kilo moja ya mkaa inataka kilo tano hadi kumi za kuni.

Gesi nayo inaokoa mapafu na miti, ingawa bado ni zao la mafuta ya ardhini na inatoa hewa ukaa. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na gesi imo humo.

Kikwazo halisi ni kwamba jiko la umeme hulipwa kwa mkupuo, mkaa hulipwa kwa sado. Kikoba kikitoa mkopo wa jiko, marejesho yanaweza kutoka kwenye hela ile ile iliyokuwa ikienda kwenye mkaa. Na siku umeme ukikatika, mtungi wa gesi uwe karibu.

Mama mkwe wangu kule Kibosho anashikilia kwamba makande ya umeme hayana ladha ya moshi. Hapo yuko sahihi.