Sola ya nyumbani kwa bei nafuu: anza na hesabu ya usiku

Swali ninaloulizwa kila wiki ni hili: "Fundi, paneli ya wati 200 inatosha nyumba ya vyumba vitatu?" Vyumba havili umeme. Niambie kwanza kwako kunawaka nini kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi jua lichomoze, na kwa muda gani. Mchana paneli inakulisha moja kwa moja. Usiku unakula akiba, na akiba ni betri, ambayo kwenye mifumo midogo ndiyo hubeba sehemu kubwa ya bei na ndiyo hufa kwanza. Kwa hiyo anayetaka kuokoa hela ashughulike na usiku kabla hajaanza kuulizia bei za paneli.

Chukua familia ya watu sita nje kidogo ya Manyoni, mkoani Singida. Nguzo zimefika senta, kitongojini kwao bado. Daftari lao lilisomeka hivi: taa 5 za LED za wati 5, saa 5 kila moja, jumla wati-saa (wati mara saa) 125. Taa ya nje ya wati 3 inayokesha, 36. TV ya inchi 24 ya wati 30 kwa saa 4, 120. Redio ya wati 5 kwa saa 6, 30. Simu nne, kama 12 kila moja, 48. Ukijumlisha unapata 359, sema 360 kwa siku.

Ukiipeleka 360 dukani kama ilivyo utauziwa betri kubwa kuliko unayohitaji. Redio husikilizwa mchana, na simu zinaweza kuchajiwa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, jua likiwa kali. Tukizitoa hizo, usiku unabaki na wati-saa 280 hivi. Zidisha mara mbili, ili pawe na usiku mmoja wa akiba mawingu yakikaa kutwa: 560. Betri ya risasi, iwe ya maji au ya jeli, haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji 1,120, ambayo kwa volti 12 ni kama ampea-saa 93, basi chukua betri ya ampea-saa 100, ile dukani wanayoiita ya ampea 100. Ya lithiamu unaweza kuitumia hadi asilimia 90, na ya volti 12.8 yenye ampea 50 inabeba 640. Inatosha, japo ziada ni ndogo. Bei yake dukani inatisha, lakini inavumilia mizunguko maelfu ya kuchaji na kutumia wakati ya risasi huanza kuchoka ikiwa kwenye mamia. Mwenye hela leo achukue lithiamu. Asiye nayo achukue ya risasi iliyotengenezwa kwa sola, na aachane na betri ya gari, ambayo imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache tu za kuwasha injini. Ukiishusha kila usiku haimalizi muda.

Paneli ni rahisi zaidi. Gawanya 360 kwa 0.7 kufidia joto, vumbi, nyaya na hasara ya kuchaji, unapata kama 514. Halafu gawanya kwa saa za jua kamili za mwezi mbaya, yaani jua la kutwa likihesabiwa kama saa za jua kali kabisa. Kanda ya kati mimi hutumia 4.5, ingawa kiangazi huzidi hapo. Jibu ni wati 114, basi nunua 150. Aliyeko Rungwe au Bukoba asitumie namba yangu. Aangalie eneo lake kwenye ramani ya Global Solar Atlas ya Benki ya Dunia, ni ya bure.

Sasa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi. Watu huinunua kwa mazoea tu, kwamba nyumba yenye umeme lazima iwe na soketi. Ukiiacha imewashwa bila kuchomeka kitu, inveta ya kawaida hula wati 8 hadi 10. Kwa saa 12 za usiku hizo ni karibu wati-saa 120, yaani TV ya pili ambayo hakuna anayeitazama. Familia ya Manyoni haina inveta. Taa zao ni za DC, yaani umeme wa betri moja kwa moja, volti 12, TV yao inakubali volti 12, na simu zinachajiwa kwa adapta ya USB kama ile ya kwenye gari. Kama una mashine ya kunyolea au kompyuta, nunua inveta ndogo, iwashe ukiwa na kazi, kisha izime. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa tu ni wati-saa 500, zaidi ya matumizi ya siku nzima ya nyumba hii. Pasi ya mkaa iendelee. Na friji ifanyie hesabu yake peke yake, kwa sababu hata ndogo ya DC inaweza kuhitaji mfumo mwingine mzima kama huu.

Dukani nenda na tepu. Paneli nzuri za siku hizi hutoa kama wati 200 kwa kila mita moja ya mraba, za zamani chini ya hapo. Pima urefu, zidisha kwa upana. Ukikuta kibandiko cha wati 300 kwenye paneli isiyofika hata mita moja ya mraba, kibandiko kinadanganya, rudisha pesa mfukoni. Betri ya risasi ipime kwa mkono: ya ampea 100 ina uzito wa kilo 28 hadi 30. Kijana wa duka akiibeba kwa mkono mmoja huku anaongea na simu, ndani mna risasi pungufu.

Kontrola ni kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri na kusimamia kuchaji. Za bei rahisi ni za PWM, zinazoishusha paneli hadi volti ya betri, na zinafaa kabisa kwa paneli ya seli 36, ile ya volti 18. Ukizifungia paneli kubwa ya volti 32 ya wati 300, utapata kama wati 120 na nyingine zinapotea. Paneli ya aina hiyo inataka MPPT, kontrola inayogeuza volti za ziada kuwa ampea. Hapa chukua PWM ya ampea 20, ili mwakani uweze kuongeza paneli ya pili inayofanana na ya kwanza.

Waya usibanie. Kwa mita 10 kutoka bati hadi ndani, shaba ya milimita 2.5 inakula zaidi ya volti moja jua likiwa kali. Paneli nayo ikipata joto volti zake hushuka, na kinachofika kinaweza kushindwa kujaza betri. Tumia milimita 6. Fyuzi ikae jirani kabisa na chanya ya betri, na betri isikae chini ya kitanda. Ya maji hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Huku kwetu kusini mwa Ikweta paneli itazame kaskazini, ilale nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iioshe, na iinuliwe juu ya bati hewa ipite. Tawi moja la mwarobaini likitia kivuli kwenye seli chache tu linaweza kukunyima sehemu kubwa ya umeme. Likate.

Wakati wa kuunga, betri ndiyo ya kwanza kwenye kontrola, ifuate paneli, mwisho matumizi. Kama una inveta, iunge kwenye betri yenyewe kupitia fyuzi, usiiunge kwenye tundu la taa la kontrola.

Mwezi wa kwanza pima volti ya betri ya risasi kila alfajiri, taa zikiwa zimezimwa. Ikisoma 12.4, usiku wenu uko sawa. Ikisoma 12.2 au chini siku tatu mfululizo, na mawingu hakuna, usikimbilie betri ya pili. Panda ukafute vumbi asubuhi kioo kikiwa bado baridi, zimeni TV mapema kwa saa moja kuliko kawaida, kisha pima tena.