Kozi ya Bure, Cheti cha Kulipia

Binti mmoja kutoka Kayole alifika kwenye dawati letu la ushauri kwa wanafunzi akiwa na simu mkononi na swali moja: "Mwalimu, hii pesa inaweza kurudi?" Alikuwa ameona tangazo la kozi ya uhasibu ya wiki 4, bure kabisa, na cheti juu yake. Akajisajili. Kila jioni alinunua bando, akajaza daftari zima, akafaulu mtihani wa mwisho. Alipobonyeza mahali pa kuchukua cheti, ukurasa ukamdai shilingi 3,500, na punguzo lilikuwa linaisha baada ya saa mbili. Akalipa kwa M-Pesa. Alipokipeleka cheti mahali alipokuwa anaomba kazi, aliulizwa waliokitoa wamesajiliwa wapi. Hakuwa na jibu.

Nimesikia kisa cha namna hii mara nyingi mno, na kila mara kinaniuma, kwa sababu wanaonaswa ni wale wenye bidii. Mvivu haumalizi mtihani, kwa hiyo hafikishwi kwenye ukurasa wa malipo.

Ukimbana aliyetoa tangazo, atakwambia hakudanganya: masomo kweli yalikuwa bure. Hapo ndipo ujanja ulipojificha. Kuna bure ya kufungua mlango, kuna bure ya kusoma hadi mwisho, na kuna bure ya kuondoka na cheti. Tangazo linazungumzia ya kwanza au ya pili, likijua vizuri kwamba kijana anayetafuta kazi Nairobi anasikia ya tatu.

Na kwa nini ada haitajwi siku ya kwanza? Siku hiyo mtu angeilinganisha na nauli, kodi ya nyumba na unga, na pengine angeamua aachane nayo. Baada ya wiki nne hesabu imegeuka. Hatazami tena kama cheti kina thamani ya shilingi 3,500. Anatazama jasho lake, na anaona akikataa kulipa limemwagika bure. Wanaouza namna hii wanalijua hilo, ndiyo maana bei wanaiweka mwisho wa safari. Kwangu mimi, kuificha bei hadi hapo ni udanganyifu hata kama kila neno la tangazo ni la kweli.

Saa ile inayohesabu kurudi nyuma nayo ichunguze. Funga ukurasa, ufungue kesho. Mara nyingi utaikuta imeanza upya. Vivyo hivyo "nafasi 20 tu zimebaki": video iliyokwisha kurekodiwa haijai abiria kama matatu. Nyingine hukupa siku 7 za majaribio bila malipo lakini huomba nambari ya kadi kwanza, na usipojiondoa kabla ya siku hizo kwisha, unaanza kukatwa pesa kila mwezi.

Sisemi kila cha bure ni mtego. Chuo cha MIT cha Marekani kinaweka vifaa vya masomo yake wazi kwenye intaneti, na kinasema waziwazi kwamba hakitoi cheti kwa hayo. OpenLearn ya Open University ya Uingereza, iliyoanza 2006, inafundisha bure na kueleza kwamba hati ya kushiriki unayopata si shahada wala diploma. edX, iliyoanzishwa 2012 na MIT pamoja na Harvard, ilitoa vyeti vya bure hadi mwishoni mwa 2015, kisha vikawa vya kulipia. Cheti kuwa na bei si kosa. Kosa ni kuificha.

Wala hili si suala la adabu tu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu anachonunua, na kinalitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya ukweli na ya heshima. Tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa na huduma.

Sasa cheti chenyewe. "Cha kimataifa" ni neno ambalo yeyote anaweza kuliandika. Hati ya kusajili jina la biashara nayo si kibali cha kufundisha, ingawa baadhi yao huibandika kwenye ukurasa kana kwamba ni hicho. Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Vyuo vya ufundi na mafunzo ya kazi viko chini ya TVETA, mamlaka inayovisimamia. Na anayetaka kujua kama cheti cha nje kinatambuliwa nchini huuliza KNQA, mamlaka ya kitaifa ya sifa za elimu. Tafuta jina la chuo kwenye orodha zao mwenyewe, usitosheke na nembo iliyobandikwa kwenye tangazo. Kozi fupi isiyo kwenye orodha hizo inaweza kukupa ujuzi mzuri, lakini usiilipie kwa matumaini kwamba mwajiri ataihesabu kama diploma.

Kabla ya kujisajili, watumie ujumbe huu: "Nikimaliza kozi yote na kupata cheti, nitakuwa nimelipa jumla ya shilingi ngapi, na cheti hicho kinatambuliwa na nani?" Anayekujibu kwa kiasi na kwa jina la taasisi, mwendelee. Anayekwambia "jiunge kwanza, tutaeleza kwenye kikundi cha WhatsApp", achana naye. Na akikuomba PIN ya M-Pesa, mazungumzo yaishie hapo.

Kama umekwisha kulipa, usifute kitu. Hifadhi picha ya tangazo lenye neno "bure", ukurasa uliodai pesa na ujumbe wa M-Pesa, uwaandikie ukidai pesa zako, kisha upeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Binti wa Kayole alikuwa amelifuta tangazo kwa hasira. Tulilipata kwa rafiki yake aliyemtumia mara ya kwanza, na ndilo tulilolitanguliza kwenye barua.