Kikohozi Kisichoisha: Kinakubana Saa Ngapi, na Ukiwa Wapi?

Wengi wanaofika kliniki ya kifua hapa Tanga huja wameshamaliza chupa tatu nne za dawa ya maji, asali na ndimu, tangawizi, na nusu dozi ya antibayotiki ya dukani. Bado wanakohoa. Inaniuma, maana kikohozi ni dalili tu, na baadhi ya antibayotiki hizo huwapoza kwa muda vijidudu vya kifua kikuu: mgonjwa anapata nafuu ya uongo na ugonjwa unachelewa kugundulika.

Basi tuanzie hapo. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, kapime makohozi, hata kama hujakonda wala hujatema damu. Sukutua kwa maji alfajiri kabla ya kula, vuta pumzi ndefu, kohoa kutoka ndani ya kifua, mate hayatoshi. Kipimo cha vinasaba hutoa jibu kwa saa mbili hivi tangu sampuli iingie kwenye mashine. Kupima na dawa zake ni bure.

Majibu yakionyesha hakuna kifua kikuu, watu hushukuru Mungu na kurudi nyumbani na kikohozi chao. Tafadhali, rudi kwa daktari. Tutakuuliza maswali mengi, na majibu yako yana uzito kuliko unavyodhani. Anayefanya kazi kwenye vumbi la mkonge, saruji au chokaa, akatulia siku za likizo na kuanza tena akirudi kazini, ameshatuonyesha pa kutazama. Kikohozi cha usiku wa manane chenye mluzi kifuani hutufanya tufikirie pumu. Kinachokuja ukilala baada ya kushiba, pamoja na kiungulia, huenda ni asidi ya tumbo inayopanda. Mama anayepikia kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha, naye tutamuuliza habari za moshi.

Sababu inayosahaulika mno ni dawa za presha. Kaptoprili na enalaprili huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, pengine miezi kadhaa baada ya kuanza kuzimeza. Nimeona wazee wakitibiwa mafua mwaka mzima kwa sababu hii. Usiache vidonge mwenyewe, presha ikapanda. Daktari atakubadilishia, na kikohozi kwa kawaida huisha ndani ya wiki chache.

Mtoto aliyepaliwa na karanga kisha kikohozi kikagoma, mleteni mapema, huenda kipande kimebaki kwenye njia ya hewa. Damu kwenye makohozi, kupumua kwa shida, miguu kuvimba, au mvutaji wa sigara ambaye kikohozi chake kimebadilika: hao wasisubiri wiki mbili.

Ukija, tia dawa zako zote kwenye mfuko, za hospitali na za miti shamba, uje nazo.